Kwa Nini Wenyeji Hulikosea Jina la Kirari

Kibao pale njia panda kimeandikwa Kirari, nanyi mmekisoma vizuri. Lakini tangu mshuke garini mmemsikia kila mtu akisema Kilali: muuza ndizi, mwalimu, hata fundi aliyewaonyesha njia. Niliwaona mkitazamana. Wageni wote hutazamana, na wengine hucheka kidogo wakidhani sisi watu wa milimani tuna ndimi nzito. Haya, kaeni hapa kwenye mawe ya lango mpaka ukungu upite, niwaeleze jinsi tulivyoanza kulikosea jina la kwetu, tena kwa makusudi.

Wakati ninaousema, ukuta huu ulikuwa mpya na mawe yake hayakuwa na hata unyasi mmoja. Ulijengwa na makabila matatu yaliyokutana juu ya mlima huu, kila moja likiwa limekimbia jambo lake. Wavungo walikuwa wakulima, wakaja na migomba. Washamo walikuwa wahunzi, wakaja na nyundo zao. Wanalo walikuwa wafugaji, wakaja na ng'ombe wao na siagi. Siwadanganyi kwamba walipendana wakati wote, maana waligombania maji na kila mtu aliona mwenzake anakula vitu vya ajabu. Lakini walioana, na watoto wao walikuwa wakigombezwa kwa lugha tatu. Bibi yangu alinisimulia haya nikiwa nimelala mapajani mwake, na akifika hapo kwenye lugha tatu alikuwa akinyamaza. Ningelipa chochote kumsikia akinyamaza hivyo tena.

Sasa, Wanalo hawakuwa na sauti ya ra. Lugha yao haikuijua, na ndimi zao zilikataa kuizoea. Kulikuwa na mwanamke wa Kinalo aliyeitwa Namela, aliyeolewa na mhunzi wa Kishamo jina lake Marenga. Namela hakuweza kumwita mumewe Marenga. Alimwita Malenga, na mji mzima ukamtania yule mhunzi, ukimwomba atunge angalau shairi moja, yeye ambaye hata salamu alizitoa kwa shida.

Mama mkwe wake Namela, Nahanga, ndiye aliyekuwa mtani mkubwa kuliko wote. Wageni wakija, alimwita mkwewe na kumwambia aseme parare, yule mdudu wa kwenye majani. Namela alisema palale, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Namela naye alicheka. Bibi yangu alisema kicheko chake kiliishia mdomoni, ila hakuna aliyekuwa akimtazama machoni.

Mwaka mmoja, msimu wa ukungu, Namela alipata habari kwamba baba yake amefariki huko malishoni. Alikuwa na mtoto wa kike anayenyonya, lakini mtoto alikuwa na kifua na njiani kulikuwa na baridi kali. Akamwacha kwa Nahanga, akaondoka haraka ili azike na kurudi.

Alipokuwa huko, watu wa mbuga walipanda mlima. Hao walikuwa wezi wa ng'ombe, na lugha yao ilikuwa ndugu na Kinalo. Walifika langoni ndani ya ukungu, wakasalimu kama Wanalo wanaotoka malishoni, wakafunguliwa. Kabla hawajafukuzwa, waliua watu, na mmoja wa waliouawa alikuwa mwana wa Tundwa, Mvungo aliyekuwa mkuu wa mji.

Tundwa alimzika mwanawe, kisha akawakusanya wenyeji na kutoa sheria. Lango lisifunguliwe tena ila kwa mtu atakayelitaja jina la mji kama wenyeji wanavyolitaja. Atakayemfungulia mwingine yeyote atafukuzwa yeye na nyumba yake. Watu wa mbuga hawawezi kusema ra, alisema, basi hiyo ra ndiyo itakuwa komeo letu. Wote wakakubali kwa sababu ya hofu. Wanalo waliokuwa ndani walitazama chini. Walielewa kwamba kuanzia siku hiyo, atakayetoka kwenda kuchunga hatarudi. Lakini nani angebishana na mtu anayetoka makaburini?

Asubuhi iliyofuata zamu ya lango ilikuwa ya Marenga na wenzake. Ukungu ulikuwa mzito, huoni mkono wako. Sauti ikatoka nje, imechoka, ikaita, "Malenga."

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita kwa sauti ile. Marenga aliruka kushika komeo, komeo alilolifua yeye mwenyewe, na wenzake wakamshika mikono. Wakamkumbusha sheria. Basi akaweka mdomo kwenye upenyo wa lango, akamwomba mkewe ataje jina la mji. Namela akasema Kilali. Mumewe akamwambia aseme ra, polepole. Ikatoka la. Marenga akamfundisha aweke ulimi hivi, avute pumzi vile, akimbembeleza kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Namela akajaribu mpaka sauti ikamkauka. Na huko chini, ndani ya ukungu, mbwa wa watu wa mbuga walikuwa wakisikika wakibweka. Walikuwa wanarudi.

Watu wakakusanyika langoni. Tundwa naye akaja. Kisha akaja Nahanga na mtoto mgongoni, mtoto analia njaa. Namela alisikia kilio cha mwanawe akaanza kupiga lango kwa viganja. Nahanga alisimama akisikiliza jinsi mkwewe alivyokuwa akirudia Kilali, Kilali, na moyo ukamuuma. Ulimi uleule aliokuwa akiufanyia mzaha mbele ya wageni ndio sasa ulikuwa unamuua mama wa mjukuu wake.

Nahanga akamgeukia Tundwa. "Mimi ni mwenyeji au si mwenyeji?"

Tundwa akajibu kwamba yeye ni mmoja wa waliobeba mawe ya ukuta huu, nani asiyejua.

"Basi sikiliza jinsi wenyeji tunavyolitaja jina la mji wetu," akasema Nahanga. "Kilali."

Kisha Wanalo wakainua vichwa, nao wakasema Kilali, maana kwao ilikuwa rahisi. Wahunzi wakafuata. Wavungo ndio waliopata taabu, kwa sababu ndimi zao zilizoea ra tangu utotoni. Mmoja akasema Kilari, mwingine Kirali, wakarudia tena na tena mpaka wakaweza, na wapo walioanza kucheka huku machozi yakiwatoka. Akabaki Tundwa.

"Sasa adui naye ataweza kulitaja," akasema.

"Ndiyo," akasema Nahanga. "Basi mlinzi atoke nje, amtazame mtu uso."

Tundwa alifunika macho kwa kiganja. Nadhani alikuwa akimwona mwanawe. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Kilali. Fungua."

Marenga akafungua. Namela akaingia, akampokea mtoto na kumtia titi pale pale, lango likafungwa nyuma yake. Watu wa mbuga walipofika waliukuta mji uko macho, ukutani kumejaa mikuki, wakageuka. Namela alipopata nguvu ya kusema alimwinamia mama mkwe wake, akamwamkia kwa adabu kama desturi, "Habali za asubuhi, mama?"

Nahanga akajibu, "Nzuli, mwanangu."

Na tangu siku hiyo hakuna mwenyeji anayeutaja mji huu kwa ra, na hakuna mgeni anayepokelewa kwa sauti tu. Ndiyo maana nilitoka nje ya lango nikawashika mikono na kuwatazama nyuso. Wanalo wenyewe hawapo tena. Walioa, waliolewa, wakachanganyika, na mtu wa mwisho aliyeota ndoto kwa Kinalo alikuwa bibi yangu. Nilipokuwa msichana niliona uvivu kujifunza, nikidhani yupo tu. Leo sijui hata jinsi walivyosema maji. Katika lugha nzima ya Namela tumebakiwa na hiyo la moja, na tunaisema kila tunapotaja kwetu.

Ukungu umepita. Komeo liliibwa zamani na lango halifungwi, lakini nifurahisheni mimi mwanamke mzee. Litajeni jina la mji, tuingie.