Siku ya Ushuhuda katika Nyumba ya Mabinti

Isome hii taratibu, kisha umtumie yule mtu wako asiyechoka kuuliza maswali.

Palikuwa na nyumba iliyopokea wasichana waliofukuzwa kwao kwa sababu ya mimba. Mwanzilishi wake, Sista Bernadina, alikwisha kufariki. Mwenyekiti sasa alikuwa bwana mmoja aitwaye Rwiza, mtu mchapakazi kweli, ila mdomo wake, mh!

Rwiza ndiye aliyeleta mtindo wa ushuhuda. Kila wafadhili walipokuja, msichana mmoja alisimamishwa mbele aeleze nani alimpa mimba na ilikuwaje. Wageni walilia, kisha wakatoa. Rwiza akaona kazi inakwenda.

Siku ya maadhimisho ya kuanzishwa kwa nyumba ile, wageni wakiwa wamejaa, zamu ikamwangukia Kemilembe, mwenye kichanga mgongoni.

"Mzee, nisamehe. Siwezi."

"Huwezi? Basi kesho utafute pengine pa kulala. Hapa hatufugi wenye kiburi."

Binti akaanza kulia. Hakuwa na pa kwenda.

Ili kuokoa shughuli, Rwiza akampa kipaza sauti mama yake mzazi, Ma Paskazia, aliyekuwa mlezi wa kwanza wa nyumba ile.

"Mama, wape wageni historia. Waambie ulivyokuja hapa kusaidia mabinti."

Ma Paskazia akakaza kitenge chake, akasimama.

"Sikuja kusaidia. Nilikuja kusaidiwa. Msichana wa kwanza kupokelewa hapa ni mimi, na mimba niliyokuja nayo ndiyo wewe, mwanangu."

Tangu utotoni Rwiza alikuwa ameambiwa kwamba baba yake alikufa kwa ugonjwa.

"Sista alinipa uji, akanionyesha kitanda. Mpaka tunamzika hakuwahi kuniuliza nani, wala ilikuwaje. Lakini wewe unawauliza wenzangu kila siku. Haya, niulize na mimi. Niwaambie wageni ulivyopatikana?"

Rwiza alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hapana, mama. Tafadhali."

"Na hawa nao walikuwa wanakuambia tafadhali."

Zikamjia sura za wasichana wote aliowasimamisha pale mbele, na aibu ikamtoa machozi hadharani. Akajifuta uso, akamwendea Kemilembe. Alitaka kuomba radhi, akakumbuka uji wa Sista.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "umekula?"

Funzo: Anayekuomba hifadhi hajakuuzia siri yake. Msaidie, na heshima yake umwachie.