Dakika Nne Mtandaoni

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mwandishi wetu aliisikia methali hii tangu utotoni, akadhani inahusu ndoo.

Siku ya tatu ya maandamano, wanahabari walipigwa marufuku kukanyaga barabarani. Habari zote ziliingia kwa simu, kutoka kwa watu waliochungulia madirishani roho zikiwa mkononi. Mhariri alikuwa na sharti lake: kila video ichunguzwe mara tatu. Ya kwanza kwa ajili ya tukio, ya pili kwa ajili ya nyuso, ya tatu macho yakiwa yamefumbwa, masikio tu yakifanya kazi. Vijana wa chumba cha habari walimbatiza Mara Tatu.

Saa nane mchana simu ya mwandishi ilitetemeka. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, alikuwa amerekodi askari wakiufyatulia risasi umati uliokuwa ukikimbia.

"Uwe mwangalifu, mwanangu," aliandika. "Wanapita nyumba kwa nyumba."

Mwandishi akaitazama video. Akaitazama tena, akaziba nyuso zote. Mara akaona washindani wao wametangaza kwamba wana video motomoto njiani. Tamaa ikampanda kichwani, akairusha mtandaoni.

"Umeisikiliza?" Mhariri aliuliza.

"Ni risasi tupu, bosi."

"Sijakuuliza ina nini. Nimekuuliza, umeisikiliza?"

Akavaa visikizio, akafumba macho. Risasi. Mayowe. Kisha, waziwazi, sauti ya jirani: "Mama Cherehani, toka hapo dirishani, watakuona!"

Mtaa ule ulikuwa na Mama Cherehani mmoja tu, na kibao chake kilining'inia mlangoni. Akaifuta video. Ilikuwa imekaa dakika nne. Kabla hajashusha pumzi, video ile ile ikaingia kwenye kundi la familia, imetumwa na mama yake mzazi: "Jamani, hapa si kwa wifi yangu?"

Akapiga simu. Iliita, ikaita, ikapokewa.

"Shangazi! Toka humo ndani! Pita mlango wa nyuma!"

Mwanamume akajibu kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Ameshatoka. Tuko naye hapa. Wewe ni nani wake?"

Simu ikamponyoka mwandishi. Mhariri aliiokota, akaizima, wala hakumgombeza. Video ilikuwa imefutwa kweli, lakini shangazi hakurudi kwenye cherehani yake siku ile, wala mwezi ule, wala mpaka leo. Maji yakimwagika hayazoleki.