Simbilisi wa Chumba cha Nne

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, maana nina kesi mkononi na hakimu wake sijampata.

Huko Tukuyu, ambako mtu hutembea na mwavuli hata jua likiwaka, palikuwa na nyumba ndefu ya kupanga yenye vyumba vinne na baraza moja. Vyumba vitatu vya kwanza vilikaliwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Chumba cha kwanza alikaa Mzee Ambokile, seremala. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Akipapasa ubao alijua utapinda wapi kabla haujapinda, na mlango alioutengeneza yeye haukupitisha hata upepo. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma, naye alikuwa amezoea kula kimya.

Chumba cha pili alikaa Atuganile, muuza mboga sokoni. Kipaji chake kilikuwa katika majani. Lipi linaliwa, lipi linatibu, lipi linadhuru, alijua yote kwa kunusa tu. Watoto wake watano alikuwa amewalea mpaka wa mwisho, na wote walikuwa wamekwenda kutafuta maisha.

Chumba cha tatu alikaa Ipyana, kijana fundi redio. Kipaji chake kilikuwa masikioni. Ukimpelekea redio mbovu hakuifungua kwanza. Aliitegea sikio, kisha akakuambia waya gani umekatika. Chumba chake kilijaa vitu mpaka juu ya kitanda, na vyote vilikuwa vya watu.

Chumba cha nne alikaa mpima ardhi, ambaye siku moja alipata uhamisho wa ghafla. Alipokwisha kupakia mizigo yake alibaki amesimama barazani na boksi la sabuni mkononi.

"Kwenye basi hawataki mnyama," aliwaambia majirani zake. "Huyu ni simbilisi. Hana ugomvi na mtu. Atakayemlea ndiye mwenyewe."

Akaliweka boksi chini, akaenda zake.

Wote watatu waliinama kuchungulia. Ndani kulikuwa na kinyama kinene, ukubwa wa kiatu cha mtu mzima, chenye manyoya ya rangi tatu, masikio madogo ya kuning'inia na macho kama mbegu za papai.

"Huyu si panya?" Atuganile aliuliza.

"Panya ana mkia," alisema Mzee Ambokile.

"Na huyu mkia wake uko wapi?"

Katika maisha yao wote watatu, hakuna aliyewahi kufuga simbilisi. Wakampa jina la Mgeni, wakaanza kujifunza kwa kukosea.

Atuganile alimpikia uji. Mgeni akaukanyaga, akatembea nao baraza nzima. Ipyana alimfungulia muziki ili asiwe mpweke, naye akakauka kama kipande cha gogo mpaka redio ilipozimwa. Mzee Ambokile alisikia kwamba simbilisi hupenda joto la mafiga, akamlaza jikoni, juu ya saruji. Jioni walikaa wakisimuliana makosa yao na kucheka. Nyumba ile haikuwahi kuwa na kicheko kingi hivyo.

Wiki ya pili kicheko kikakatika. Mgeni aliacha kula. Manyoya yalimsimama kama brashi ya zamani, na miguu ya nyuma akawa anaiburuta.

Mzee Ambokile ndiye aliyemnyanyua kwanza. Alimpapasa tumboni, akaukuta mkono wake umelowa. Saruji ya jikoni ilikuwa inatoa maji usiku na mchana, na moshi ulikuwa umemfanya macho mekundu.

"Tumemlaza kwenye kisima," alisema.

Alikuwa na kabati la bibi harusi la kumaliza, na wenyewe walikuwa wanalisubiri. Akalisogeza pembeni. Kwa siku mbili alikata, akapiga randa, akasugua, mpaka ikatoka nyumba ya mbao yenye miguu mirefu. Sakafu aliilainisha isije ikamchoma nyayo, akatandika nyasi kavu, na upande mmoja akatenga kijichumba chenye giza ili mnyama mwoga apate pa kujificha. Akaiweka barazani, mbali na moshi na mvua. Mgeni aliingia, akajilaza, na kutetemeka kukaisha. Bila nyumba ile asingefika Jumapili.

Lakini hata kwenye joto lake Mgeni alikataa chakula. Hapo Atuganile akainamia kibakuli chake. Alikuta pumba, ugali mkavu na majani ya viazi mviringo.

"Nani kaleta haya majani?"

"Mimi, dada," Ipyana alijibu. "Niliyachuma pale kwa mwenye nyumba. Yalikuwa mazuri."

"Ni sumu haya, mdogo wangu."

Akayamwaga yote. Kisha akamtazama Mgeni miguu, akamtazama na fizi, akasema kilichokosekana ni kitu kibichi. Siku tatu hakwenda sokoni. Meza yake ilikaa tupu na wateja wakahamia kwa mwenzake. Alikaa barazani, mnyama mapajani, akichana pilipili hoho kuwa nyuzi nyembamba kama za kushonea, akimwekea mdomoni uzi mmoja mmoja. Siku ya kwanza Mgeni alimeza nyuzi nne. Siku ya pili alimaliza nusu ya hoho. Siku ya nne alisimama kwa miguu yake yote na kufuata mchicha. Siku ya sita Atuganile alitoka ndani akichakarisha mfuko wa majani, na kutoka kwenye nyumba ya mbao ukatoka mluzi mkali, "Wiiik! Wiiik!" kisha mnyama akaruka juu kama bisi kikaangoni. Mzee Ambokile alicheka mpaka akakaa chini. Bila mkono ule wa kulisha, nyumba nzuri ingekuwa kaburi zuri.

Mgeni akanenepa. Mzee akasema ni shibe. Ipyana hakuridhika, alilaza sikio kwenye ubavu wa mnyama, akafumba macho kama anavyofanya kwenye redio.

"Humu ndani hayuko peke yake," alisema.

Wenzake wakamtania wiki nzima. Basi ikafika siku moja mchana, mvua ikapiga mabati kiasi kwamba watu walioketi pamoja walizungumza kwa mikono. Ipyana alikuwa anachomea waya. Ghafla akainua kichwa.

"Mgeni anaita."

"Unasikiaje na mvua hii?" Atuganile alipaza sauti, lakini kijana alikwisha kutoka.

Alifungua kile kijichumba cha giza. Mgeni alikuwa amelala ubavu, amechoka, hana nguvu ya kugeuka, na nyuma yake kitoto kimoja bado kimefungwa kwenye ngozi laini ya uzazi, hakipumui. Ipyana aliichana ile ngozi kwa kucha, akakisugua kwa shati lake mwenyewe. Kimya. Akakiweka sikioni. "Moyo upo," alisema, "uko mbali, lakini upo." Akasugua tena, na tena, mpaka kitoto kikapiga chafya. Mama yake aliposikia chafya ile aliinua kichwa, akajivuta, akaanza kumlamba. Bila sikio lile, mtoto angekwisha akiwa hatua kumi kutoka kwa watu wanaompenda, na pengine mama naye asingeinuka.

Atuganile alipiga vigelegele mpaka Mama Lwitiko, mwenye nyumba, akaja mbio na mwavuli.

"Posa imetoka wapi?" aliuliza.

Wakamwonyesha, kumbe Mgeni alikuja na mimba yake tangu ndani ya boksi. Kitoto kilizaliwa na manyoya yake yote na macho wazi, na kabla ya jua kuzama kilikuwa kinakimbia nyuma ya mama yake kikijikwaa kwenye nyasi. Mama Lwitiko alikwenda kuchemsha chai, na siku ile wapangaji walikunywa kama watu walio harusini.

Mwezi uliofuata, Mama Lwitiko aliwaita barazani. Nyumba ilikuwa imechakaa, alitaka kuibomoa na kuijenga upya. Wapangaji wahame. Mzee Ambokile akapata pa kwenda kwa bintiye Kiwira. Atuganile akapata chumba kule Masoko. Ipyana akapata kibanda cha kazi Lwangwa. Njia tatu, na simbilisi wawili wasioweza kutenganishwa, kwa kuwa mtoto bado ananyonya, na simbilisi akikaa peke yake hunyong'onyea.

Wakampigia simu mpima ardhi.

"Si nilisema?" alijibu. "Atakayemlea ndiye mwenyewe."

"Tumemlea watatu," Ipyana alisema.

"Basi hapo sijui," alisema mpima ardhi.

Siku ya kuhama ndiyo mimi nilifika, maana ndimi dereva wa pikapu waliyoikodi. Niliwakuta wameketi kuizunguka ile nyumba ya mbao, mizigo yote tayari, wakibishana.

"Mnyama asiye na makazi ni mzoga," alisema Mzee Ambokile.

"Makazi yako, baba, yalikuwa na mnyama anayekufa njaa," alisema Atuganile.

"Na mliyemponya nyie wawili alikuwa anakwenda kumpoteza mtoto," alisema Ipyana.

"Wewe uliyemlisha sumu?"

"Nilikosea, dada. Lakini nani hapa hakukosea? Wewe ulimpa uji, mzee akamlaza kwenye maji."

Wakacheka wote watatu, na hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja.

Kisha Mzee Ambokile akasema kwa sauti ya chini, "Miaka minne nafungua mlango hakuna anayeniitikia. Huyu akisikia kiatu changu tu, ananiitikia."

Atuganile akasema, "Mimi nimelea watano wakaondoka. Asubuhi naamka mikono inatafuta wa kulishwa."

Ipyana akasema, "Kila kilichopita mikononi mwangu nimekirudisha kwa mwenyewe. Huyu mdogo nilimsikia kabla hajazaliwa."

Mama Lwitiko, ambaye walikuwa wamemwomba aamue, alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akanigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe huna upande. Kunywa chai kwanza, halafu utuambie hii nyumba ya mbao tunaipakia kwenye mzigo wa nani."

Nikapewa kikombe. Nikanywa polepole kuliko nilivyowahi kunywa chai maishani mwangu, wao watatu wakinitazama, Mgeni akitafuna mchicha na mwanawe akimpanda mgongoni. Nilipompima mwenye mikono, nikaona ni haki yake. Nilipompima mwenye majani, nikaona ni haki yake. Nilipompima mwenye masikio, nikaona ni haki yake pia, na chai ikabaki funda moja.

Haya, ndugu zangu. Kikombe nakikabidhi kwenu. Ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti changu, simbilisi hawa ungempa nani?