Mchumba wa Baiskeli na Neno "Hapo Tu"

Ukimaliza kuisoma hii, mtumie yule ndugu yako ambaye kila ukimpigia simu yuko njiani, anakaribia.

Katika nchi ya milima, kule ambako watu hulala na soksi, palikuwa na kijana aitwaye Lwitiko. Alikuwa na baiskeli yenye tairi pana na keria imara. Alimpenda Subilaga, binti wa kijiji cha upande wa pili wa milima, ambaye walikutana mjini kwenye mashindano ya kwaya.

Gari la kwenda kwa akina Subilaga lilizunguka mabondeni siku mbili. Njia fupi ilikuwa ya changarawe: unapanda vilima, unaingia msituni, kisha unatokea kwenye uwanda wa juu wenye nyasi tupu na ukungu.

Baba yake Subilaga alituma ujumbe: "Aje mwenyewe, kwa njia atakayompitisha binti yangu. Afike kabla jua halijazama. Nina swali moja la kumuuliza."

Vijana wawili walikwisha kwenda kabla yake na kurudi mikono mitupu. Lwitiko akamuuliza mmoja wao hilo swali ni gani.

"Swali la mtoto," akasema yule. "Tena nililijibu kwa adabu. Sitaki hata kulikumbuka."

Basi Lwitiko aliondoka alfajiri. Koti la suti alilikunja kwenye mfuko. Kwenye keria alifunga kikapu chenye jogoo wa kuwapelekea wakwe. Changarawe ilikuwa mbaya, na kila baiskeli iliporuka, jogoo alilalamika.

Kwenye kilima cha kwanza alimkuta mzee anapalilia ngano.

"Shikamoo babu. Kwa akina Subilaga bado ni mbali?"

Mzee akamtazama jinsi alivyolowa jasho, akamwonea huruma. "Marahaba. Mbali wapi, mjukuu wangu. Hapo tu."

Lwitiko akakanyaga pedali kwa furaha. Nyuma ya kilima kile kulikuwa na kilima kingine.

Msituni alikuta wapasua mbao. Waliacha msumeno wao, wakamsukumia baiskeli hadi juu ya mteremko, wakampa na maji.

"Ukimaliza kona ile umefika," wakamwambia.

Akaimaliza. Ikaja kona nyingine.

Akakutana na mama aliyebeba kuni. "Umeshafika, mwanangu," akasema yule mama. "Husikii mbwa wao wanabweka?"

Mbwa aliyekuwa akibweka alikuwa wa yule mama mwenyewe.

Wote walikuwa watu wema. Hakuna aliyetaka kumvunja moyo mtu anayehema kiasi kile.

Pale msitu unapoishia, mwanamke mmoja alikuwa anachimba viazi, mtoto amelala mgongoni. Lwitiko alikuwa hoi.

"Dada, ni hapo tu, sivyo?"

"Hapo tu wapi? Ni mbali sana, kaka. Hujafika hata nusu. Kuanzia hapa hakuna mti wala nyumba, ni upepo tu. Na kwenye mlima wa pili utalia."

Lwitiko akakasirika. "Dada, wewe huna huruma? Tangu asubuhi wewe ndiye wa kwanza kuniambia maneno haya."

Yule dada aliweka jembe chini. Alifukua viazi alivyokuwa ameviweka kwenye majivu ya moto, akavifunga kwenye kitambaa cha mwanawe.

"Viwili kula sasa. Vingine utakula huko juu. Na hilo koti la suti linalochungulia kwenye mfuko livae."

"Hili ni la kuvaa mbele ya wakwe."

"Hutapendeza mbele yao ukiwa umekufa kwa baridi. Livae."

Akalivaa. Kule uwandani ukungu ulimfunika hata asiione tairi ya mbele, na upepo ukamsukuma nyuma kama mtu anayegombana naye. Kwenye mlima wa pili alilia, jogoo akiwa shahidi. Halafu akakaa kwenye nyasi, akala viazi vilivyobaki, akaendelea.

Alifika jua likikaribia kuzama.

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage. Subilaga alikuwa anachungulia kutoka jikoni.

"Kijana," akasema mzee, "kutoka kwenu mpaka hapa, ni mbali?"

Lwitiko akamwangalia yule mama. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya maharage. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekaribia kuachana na mwanawe. Akamwonea huruma, na neno "hapo tu" likamjia mdomoni lenyewe. Kisha akakumbuka viazi.

"Ni mbali, baba. Ni mbali sana. Nimelia kwenye mlima wa pili."

Jikoni kitu kikaanguka.

"Wenzako walisema ni hapo tu," akasema mzee.

"Hata mimi nilitaka kusema hivyo. Lakini mama akisikia ni hapo tu, atamngoja mwanawe kila jioni. Akijua ni mbali, tutapanga siku ya kuja, naye atajua siku ya kutupikia."

Mama akaweka ungo chini.

"Swali hilo si la huyu mzee," akasema. "Ni langu. Mimi nimezaliwa upande huo ulikotoka wewe. Huyu alikuja na baiskeli kama wewe, akaniambia kwake ni hapo tu. Nikabeba kanga mbili, nikijua Jumamosi nitarudi kuchukua nyingine. Sijaziona mpaka leo."

Mzee akakohoa. "Kwa baiskeli ilikuwa karibu."

"Baiskeli ipi? Kila mlima uliniteremsha nikasukuma."

Mzee akageuza kigoda, akatazama upande wa zizi. "Basi kijana, binti ni wako," akasema haraka.

"Ni wake," akasema mama. "Lakini wa kwanza kupanda kwenye hiyo keria ni mimi."

Mzee akasema haijapata kuonekana mama mkwe amepakiwa na mkwewe, ni aibu. Mama akamjibu kwamba aibu aliimaliza siku ile ya kanga mbili.

Asubuhi wakaondoka. Jogoo hakurudi, aliliwa usiku. Kwenye kila mlima mama aliuliza, "Bado?" Lwitiko alijibu, "Bado, mama, ni mbali." Basi alishuka wakasukuma pamoja. Walipofika msituni walisimama kwa yule dada mwenye mtoto, wakamrudishia kitambaa chake kikiwa kimejaa maharage.

Walipofika kwenye kilima cha mwisho, mama akaona chini mabati ya kijiji cha kwao na moshi ukipanda. Akauliza kwa sauti ndogo, ingawa alikuwa anaona mwenyewe:

"Bado?"

"Hapo tu, mama," akasema Lwitiko.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamwambia aachie breki.

Funzo: Ukimhurumia msafiri, usimfupishie njia kwa mdomo. Mwambie ukweli, kisha mpe kiazi.