Pimbi na Udongo wa Kwenye Ufa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona ninyi wa nyuma mnaitikia kama mmeungua ulimi? Tena: paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko nami. Hapo zamani za kale Mama Pimbi alikaa juu ya jabali. Jabali tupu. Udongo hana, mbegu anazo: kifundo kidogo cha mbegu za nyanya alizoachiwa na marehemu mama yake. Nyanya zile hazikuwepo kwingine kokote. Zikiisha, zimeisha.

Mvua zikakaribia. Mama Pimbi akaenda kwa jirani.

"Hodi, kaka Nyati. Nataka kuotesha miche, sina udongo."

"Karibu, dada. Umefika."

Kwa kina Nyati mgeni hupewa kilichonona. Basi Nyati akamjazia kapu la samadi mbichi, inafuka moshi.

"Hicho ndicho chakula," akasema. "Usichanganye na kitu."

Mama Pimbi akasia mbegu kidogo. Zikachomoza, zikaungua. Hata moja haikubaki.

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko naye hakutaka kushindwa ukarimu. Akamtwika tope la mtoni, zito, jeusi. Mama Pimbi akasia, akamwagilia, maji yakatuama. Miche ikaota, shingo zikaoza, ikalala chini. Jua likawaka, tope likakauka: ko, ko, ko.

Sasa zimebaki mbegu za kubana kwa vidole viwili. Mama Pimbi akakaa jabalini, kazishika kiganjani. Usingizi hapati, chakula hakishuki. Nyati na Kiboko wakaja kumpa pole, na pole yenyewe ikageuka ugomvi.

"Samadi yako imemharibia dada wa watu," akasema Kiboko.

"Na tope lako je?"

"Tope langu lina rutuba."

"Rutuba ya kufyatulia matofali."

Wakabishana, wakabishana. Nyati akapandwa na hasira, akapumua: puuuu! Mbegu zikaruka kiganjani, zikatumbukia kwenye ufa wa jabali.

Mama Pimbi akalia, mama mzima, akalia kwa sauti. Nyati akainamisha pembe, hajui aangalie wapi.

Manyunyu yakaja, yakapita. Asubuhi moja Mama Pimbi akatoka kuota jua, akachungulia ufani. Akasugua macho, akachungulia tena. Miche imesimama wima, shingo imara. Akacheka huku machozi yanamtoka. "Mama," akasema, "hazijapotea." Na mzigo wote ule ukamtoka kifuani.

Akaingiza mkono, akachota udongo. Majani yaliyooza, mchanga uliomomonyoka jabalini, na mavi ya pimbi ya zamani, makavu, hata hayanuki. Akaufumbata, ukashikana. Akaugusa kwa kidole, ukaachana. Ulikuwa mwepesi, maji yanapita na mizizi inapumua.

Nyati akaja, Kiboko nyuma yake, akaona, akashusha pumzi. Safari hii aligeuzia pua upande wa pili.

"Kumbe samadi yangu haifai," akasema.

"Inafaa sana, kaka. Ila mtoto wa jana tumemlisha pilau."

Nyati akacheka. Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Miche ilipopata nguvu, wakachimba mashimo bondeni. Samadi ya Nyati ilikuwa imekwisha kupoa, imekuwa laini kama unga. Tope la Kiboko wakalipondaponda: pu, pu, pu. Wakachanganya vyote na udongo wa ufani, wakahamishia miche humo. Ikakubali. Nyanya zikaiva, na Kiboko akala mpaka akasahau alikuwa amenuniana na nani.

Mama Pimbi akakausha mbegu, akafunga vifundo vitatu. Kimoja chake, kimoja cha Nyati, kimoja cha Kiboko. Siku hiyo akalala usingizi mzito.

Basi wanangu, na ninyi wazazi msijifanye hamsikii: kinyonge usikishindilie vinono kwa kuwa unakipenda. Mpe kila mmoja kinachomfaa kwa umri wake, vinono vitamkuta akikua.

Hadithi yangu imeishia hapo ufani. Atakayeona mche, asiung'oe.