Bi Kanga Asiyekula Kiporo

Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo pakawa hiyo? Kama ya mtu mwenye jino bovu! Itikieni kama mmeshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Mimi shule niliiacha mapema, benchi lilikuwa gumu, lakini kwa hadithi hamnipati, nyinyi na walimu wenu wote. Na nyinyi akina mama mliokaa pembeni mkijifanya mnachambua mchele, sogeeni. Hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, paliishi Bi Kanga. Bi Kanga ana madoadoa, Bi Kanga ana maringo. Akitembea, chwa, chwa, chwa. Akiita, kwachee! kwachee! Alikuwa na vifaranga wake na gunia moja la maharage. Gunia hilo alilivuna mwenyewe, na ndilo lingewafikisha kwenye mvua. Likiisha kabla ya mvua, vifaranga watalala njaa. Gunia jingine halipo.

Kila jioni Bi Kanga anabandika chungu. Chungu kikubwa! Anachochea kuni, tokota, tokota, tokota. Maharage yanaiva, wanakula, wanashiba, chungu kinabaki nusu. Kila siku nusu. Kwani hajui kupima? Anajua. Lakini chungu kidogo majirani watakionaje?

Jirani yake alikuwa Mama Pimbi, mkaa jiweni. Yeye chakula kikibaki, anakichemsha tena kabla ya kulala kisichache, anafunika. Asubuhi anapasha, anaweka na muhogo, anaita watoto. Wanakula na chai, wanaota jua.

Bi Kanga akipita hapo hawezi kunyamaza. "Hee, Mama Pimbi! Leo tena unanukia jana?"

"Nanukia shibe, jirani. Karibu."

"Nikaribie kiporo? Mimi? Kiporo ni cha waliokosa. Wanangu hawali kitu kilicholala."

"Mbona hata wewe ulilala, na umeamka mzima?"

Vifaranga wakacheka, kwi kwi kwi! Bi Kanga akawakata jicho. 

Sasa ile nusu ya chungu inakwenda wapi? Kuimwaga anaona haya, maana jalala lina macho. Hapo ndipo anapotokea Ngedere, mwenye kibanda cha chakula pale njia panda. Mkia juu, kofia upande, sufuria mkononi.

"Hodi, Bi Kanga! Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja?"

"Nimekuja. Kuna makombo nikuondolee? Mtu kama wewe si wa kuonekana jalalani."

"Chukua. Chukua upesi!"

Ngedere anamimina, bwata! Huyo, anakwenda zake.

Asubuhi vifaranga wanalia njaa. Bi Kanga anachota bakuli la maharage makavu guniani, anakwenda nalo kwa Ngedere, vifaranga nyuma yake. Pale kuna kikaango. Mafuta kijiko, kitunguu, chwaaa! Nyanya moja, chwaaa! Tui la nazi, shwiii. Harufu inakwenda mpaka mtoni inarudi. Ngedere anapokea bakuli la makavu, anawapakulia yaliyoungwa.

"Hiki ndicho chakula!" anasema Bi Kanga, mdomo umejaa. "Siyo kile cha wale wa jiweni. Kaka Ngedere, unayafanyaje mpaka yanalainika hivi?"

"Siri ya kazi, dada. Karibu tena kesho."

Wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza! Najua umeshajua. Bi Kanga hakujua. Usimharakishe.

Ikawa hivyo. Jioni nusu chungu inaondoka. Asubuhi bakuli linaondoka. Gunia likakunja shingo. Gunia likakunja kiuno. Mama Pimbi akaona.

"Jirani, gunia lako limechuchumaa."

"Limechoka kusimama."

"Na mvua bado."

"Kwani mvua ni ya kwako?"

Mama Pimbi akajiendea zake jiweni. Mtu mzima akishasema, amesema.

Jioni moja Bi Kanga akaingiza bawa guniani. Akapapasa huku. Akapapasa kule. Vumbi tupu. Hakuwasha moto. Vifaranga wakamzunguka.

"Mama, tunakula nini?"

"Laleni. Asubuhi tutakwenda kwa Ngedere."

Ngedere naye akaja na sufuria yake, akakuta jiko baridi. Akajikuna kichwa, akarudi alikotoka.

Asubuhi wakafika kibandani. Hakuna moshi. Hakuna chwaaa. Ngedere amekigeuza kikaango, amekikalia.

"Kaka Ngedere," akasema Bi Kanga, sauti imepungua, "leo sina bakuli. Nisaidie sahani moja tu. Si yangu mimi, ni ya hawa watoto."

"Dada, leo chakula hakuna."

"Hakuna kwa nini? Si kila siku kipo?"

"Jana hukupika."

Bi Kanga akainua shingo.   "Unasemaje?"

"Nasema jana hukupika. Usipopika wewe, mimi nitaunga nini? Tangu nizaliwe sijachemsha maharage. Yanakula kuni, na mimi mvivu. Naunga ya kwako."

"Yale ya nazi?"

"Ya kwako."

"Yale laini?"

"Yamelainika kwa kulala, dada. Yakilala yanakunywa chumvi, yanakolea."

"Yaani mimi nimekuwa nikila kiporo!"

"Kiporo chako mwenyewe. Tena kwa kukinunua."

Kwachee! Bi Kanga akaruka juu, manyoya yamesimama. "Mwizi wewe!"

"Nimeiba nini? Ulinipa kwa bawa lako. Ukasema nichukue upesi."

 Kifaranga mdogo akamvuta: "Mama, kumbe kiporo kitamu!"

Maringo yakamshuka, yakaanguka pale chini kama unyoya. Akamtazama mwanawe, tumbo limebonyea. Akamgeukia Ngedere. "Na yale makavu niliyokuletea, yako wapi?"

"Yamo kwenye debe. Ningeyapeleka wapi? Kuyachemsha sitaki."

"Debe limejaa?"

"Mpaka mdomoni."

"Basi sikiliza. Nitayachemsha mimi, kwa kuni zangu. Kipimo changu, chungu kidogo. Nusu unauza wewe, nusu wanabeba wanangu."

Ngedere akajikuna. Kibanda kisicho na chakula ni kivuli tu. "Haya, dada. Chochea moto."

Mvua zilichelewa mwaka ule. Zilichelewa kweli. Lakini debe lilizifikia, na hakuna kifaranga aliyelala tena na njaa. Asubuhi moja Bi Kanga alipanda jiweni na sahani yake ya kiporo, kweupe, majirani wote wanaona. Akaketi kando ya Mama Pimbi.

"Onja, jirani. Nimetia tui."

Mama Pimbi akaonja. Akafikiri. "Chumvi imezidi," akasema, akachota tena.

Mafunzo ni haya, na sitayarudia. Pika kwa kipimo cha matumbo yenu, si cha macho ya jirani. Kikibaki, kichemshe, kifunike, kesho ni chakula. Ukiona haya kula chako kilicholala, utakinunua kwa mwenzako aliyekiamsha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyenogewa alambe kidole. Ambaye hakunogewa, aende akapike yake tumwone.