Kaa Alivyovuka Mto kwa Ubavu

Mmekaa juu ya mizigo yenu tangu asubuhi, lango la mpaka limefungwa, na afande hajui litafunguliwa lini. Mimi pia sijui. Lakini huyo kaa mnayemcheka hapo ukingoni, kwamba anatembea kwa ubavu kama mlevi, habari zake nazijua. Tulieni niwaeleze.

Zamani hizo kaa alitembea mbele, kama sisi. Mto huu ulikuwa mto tu. Ng'ambo hii alitawala Nyati, ng'ambo ile alitawala Kifaru, na wanyama wao walivuka wapendavyo: wakalamba chumvi kwa Nyati, wakarudi kulala katika majani marefu ya Kifaru.

Kisha ikaja chafya. Wapo wasemao Kifaru alipiga chafya Nyati akihutubia. Wapo wanaoapa ni Nyati aliyepiga, tena makusudi. Nyati akamwita balozi wake arudi nyumbani. Kifaru akamfukuza balozi huyohuyo, ambaye alikuwa ameshaondoka. Chumvi ikazuiwa, majani yakazuiwa, na mto ukagawanywa katikati, ingawa hakuna aliyeweza kuionyesha katikati yenyewe, maana maji hayakusimama.

Siku hiyo Mama Kaa alikuwa kwa Nyati, akitafuta chakula. Mayai yake yalikuwa shimoni, ukingo wa Kifaru. Mvua ilikuwa imeanza milimani, na mto ulikuwa unajaa.

"Mzee wangu, niruhusu nivuke. Wanangu watasombwa."

"Vuka, mama," akasema Nyati. "Ila nifikishie ujumbe kwa jirani. Mwambie niko tayari kumsamehe, mradi anikumbushe alinikosea nini."

Mama Kaa akaingia majini. Hatua tatu tu, Nyumbu, mlinzi wa Nyati, akafoka: "We mama! Unampa mfalme mgongo?"

Akageuka, akaenda kinyumenyume. Ng'ambo ya pili Ngiri, mlinzi wa Kifaru, akaruka: "Mheshimiwa, huyu anakujia kwa makalio!"

Akageuka tena. Wakafoka tena. Akazunguka, akazunguka, hata asijue kwake ni wapi, na maji yakazidi kupanda.

Ndipo akasimama kwa ubavu. Jicho moja akaliinua kwa Nyati, jicho moja kwa Kifaru, akaanza kusogea: upande, upande, upande.

"Sasa huyu anamtazama nani?" akauliza Ngiri.

"Mimi," akasema Kifaru.

"Mimi," akasema Nyati.

Walinzi wakakosa la kufoka. Hakuna sheria iliyovunjwa, wala hakuna aliyeelewa ni ipi iliyofuatwa.

Akafika. Akayakumbatia mayai yote chini ya tumbo, na hapohapo shimo likabomoka, mto ukalichukua.

"Ujumbe!" Nyati akapaza sauti.

Mama Kaa akafungua mdomo. Kwa kuzunguka kote kule, ujumbe ulikuwa umemtoka.

Na tangu siku hiyo hadi leo hii tuliyokwama hapa, kaa huenda kwa ubavu, macho juu ya vijiti vyake, na mama mwenye mayai huyabeba tumboni, hayaachi ng'ambo yoyote. Na ukimshika, mtazame mdomo. Utaona povu linamtoka, dogodogo, bila sauti. Usimcheke. Anajaribu kukumbuka.